Kukusanya miksi na teki adimu za Beatles: fuata sauti, usifuate kava

Santuri adimu na sauti adimu ni vitu viwili tofauti. Santuri moja inaweza kugharimu bei ya pikipiki, kumbe sauti iliyomo ndani yake iko pia kwenye CD ya kawaida. Mwongozo huu ni wa anayetafuta sauti za Beatles, bendi ya Uingereza ya miaka ya 1960.

Teki ni mara moja ya kupiga wimbo mbele ya maikrofoni. Miksi ni jinsi fundi alivyozipanga sauti za kwenye tepu: ipi ipande, ipi ishuke, mwangwi uwe kiasi gani, wimbo ufifie wapi. Teki moja inaweza kuzaa miksi nyingi. Katika kumbukumbu za studio za EMI, kampuni iliyowarekodi, miksi za mono (sauti zote kwenye chaneli moja) ziliandikwa RM na za sterio (chaneli mbili, kushoto na kulia) RS, kila moja na namba yake.

Hadi 1968, albamu za Beatles nchini Uingereza zilifanyiwa miksi ya mono na ya sterio kila moja peke yake, mara nyingi kwa siku tofauti. Mono ndiyo iliyopewa muda mwingi zaidi studioni, kwa kuwa ndiyo wengi waliyokuwa nayo nyumbani. "White Album" ya Novemba 1968 ni ya mwisho kupata miksi yake ya mono. "Yellow Submarine" ya mono, 1969, ni sterio iliyounganishwa tu, chaneli mbili zikafanywa moja. "Abbey Road" haikufanyiwa miksi ya mono kabisa, kwa hiyo anayekuuzia "mono adimu" ya albamu hiyo anakuuzia sterio iliyounganishwa.

Anza na msingi

Nunua kwanza seti ya mono ya CD iliyotoka Septemba 2009, kisha albamu za sterio za mwaka huohuo. Hapo tayari una sehemu kubwa ya tofauti zote. Angalia "Help!" na "Rubber Soul": CD za sterio zinatumia miksi mpya aliyoifanya George Martin, mtayarishaji wao, mwaka 1986, ilhali sterio halisi ya 1965 imewekwa ndani ya seti ya mono, nyuma ya miksi za mono. Ukinunua sterio peke yake utakosa miksi mbili kwa kila albamu bila kujua.

Matoleo ya Marekani yana mitego yake. Kampuni ya Capitol iliongeza mwangwi kwenye "I Feel Fine" na "She's a Woman", na sterio yao ya "I'm Looking Through You" inaanza kwa gitaa linaloanza, linakwama, kisha linaanza upya. Ukitaka sauti hizo, tafuta seti za Capitol za 2004 na 2006, si ile ya 2014, ambayo mahali pengi iliweka miksi za matoleo ya 2009 ndani ya kava za Kimarekani. Hata seti ya 2006 ikague: nakala za kwanza zilikuwa na kosa, "Beatles VI" na "Rubber Soul" za mono zikawa sterio iliyounganishwa. Kosa lilirekebishwa baadaye, lakini nakala zile bado zinauzwa.

Zoeza masikio

Sikiliza kwa jozi, mono kisha sterio, wimbo mmoja kwa kikao. "She's Leaving Home" ya mono inakwenda kasi zaidi na iko juu karibu nusu toni. "Helter Skelter" ya mono inaishia karibu na dakika 3 na sekunde 40. Ya sterio inafifia, inarudi, na kufika dakika 4 na nusu, na huko ndiko kuna ukelele wa Ringo, mpiga ngoma wao, kuhusu malengelenge ya vidole. "Help!" ina uimbaji tofauti wa John Lennon katika mono. Katika sterio ya "Please Please Me" Lennon anakosea maneno ubeti wa mwisho, na cheko linamtoka.

Ya kusisimua kuliko zote ni "I Am the Walrus". Sterio yake, ikipita kama dakika mbili, ghafla inakuwa nyembamba, kama mtu kafunga mlango. Si kasoro ya nakala yako. Tarehe 29 Septemba 1967, wakati miksi ya mono ikifanywa, redio iliingizwa moja kwa moja kwenye miksi hiyo, tamthilia ya Shakespeare ikiwa hewani. Sauti ya redio haikuwa kwenye tepu ya awali, hivyo sterio ikalazimika kuazima nusu ya pili kutoka kwenye mono.

Kwa "Love Me Do", sikiliza tari. Likisikika, ni teki ya 11 Septemba 1962 yenye Andy White kwenye ngoma, Ringo akipiga tari. Lisiposikika, ni ile ya 4 Septemba, Ringo mwenyewe kwenye ngoma, iliyotoka kwenye singo ya kwanza, namba R 4949, yenye lebo nyekundu. Tepu ya teki hiyo ilipotea, na matoleo ya baadaye yalinakiliwa kutoka kwenye santuri.

Kusoma santuri yenyewe

Lebo na kava hubadilishwa. Alama zilizochongwa kwenye plastiki hazibadiliki. Inamisha santuri chini ya taa, utazame eneo laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Mfano mzuri ni "Revolver" ya mono, namba ya santuri PMC 7009. Upande wa pili ukisoma XEX 606-1, "Tomorrow Never Knows" iliyomo ni RM11, iliyoondolewa upesi na kuwekwa RM8. Ukisoma 606-2 au 606-3, una miksi ya kawaida, hata muuzaji akiapa. (Tangu 2022 RM11 imo kwenye seti kubwa ya "Revolver". Kwa hiyo ukilipa bei ya juu, ujue unalipia kitu cha kale, si sauti.)

Geuza santuri hadi namba hiyo iwe chini. Tarakimu iliyo kushoto ni ya bamba mama (bamba la chuma linalozaa mihuri), na herufi za kulia ni namba ya muhuri (bamba linalogandamiza santuri) kwa ufunguo wa GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, hadi D ambayo ni 0. RA basi ni muhuri wa 23. Namba ndogo maana yake ni nakala ya mapema.

Usinunue kwa picha ya kava. Omba picha ya eneo hilo laini pande zote mbili. Mwambie muuzaji aitoe santuri kwenye kava kabla ya kufunga. Ikibaki ndani, itasukumwa safarini na kuupasua mshono. Anayeishi pwani asimamishe santuri wima, mbali na ukuta wenye unyevu, na atupe mifuko ya ndani ya karatasi iliyoanza kunuka, maana ukungu huhama.

Kunakili na kulinganisha

Santuri za mono za miaka ya 1960 zinapenda sindano ya duara ya maikroni 25. Kama huna, tumia ya sterio, kisha unganisha chaneli mbili baada ya kurekodi. Kelele nyingi zinazotokana na sindano kupanda na kushuka zitajifuta. Rekodi kwa biti 24, kilele kisipite desibeli -6, hifadhi kama faili ya FLAC, isiyopunguza ubora. Usisafishe kelele kwenye nakala mama, yaani faili ya kwanza uliyorekodi.

Kutambua mono ya kuunganishwa, pakia faili zote mbili kwenye programu ya Audacity: mono unayoishuku, na sterio uliyoiunganisha mwenyewe. Zipange sambamba, geuza mawimbi ya moja juu chini (Invert), zicheze pamoja. Karibu kimya kabisa? Ni sauti ileile. Njia hii ni ya faili za kidijitali tu, kwani kasi ya santuri huyumba na hata nakala mbili sawa hazifutani. Kwa santuri, pima kilichoko katikati: mono ya kuunganishwa huinua sauti ya katikati ya sterio, hivyo mwimbaji hutokeza mbele kuliko kawaida.

Na teki? Anza na mikusanyo ya "Anthology" ya 1995 na 1996, lakini isomwe kwa uangalifu, kwani baadhi ya nyimbo zimeungwa kutoka teki zaidi ya moja. Ongeza seti kubwa za albamu zao zilizotolewa 2017 hadi 2022, na mkusanyo wa nyimbo 59 uliotolewa iTunes Desemba 2013 kuzuia hakimiliki za Ulaya zisiishe. Faili za mtandaoni zenye jina la "teki mpya" siku hizi mara nyingi ni wimbo wa kawaida uliotenganishwa na kompyuta. Sikiliza matoazi: yakivuma kama maji ndani ya bomba, achana nayo.

Jina la kila faili libebe wimbo, aina ya miksi au namba ya teki, namba ya santuri, alama za eneo laini, na urefu ulioupima mwenyewe kwa sekunde. Urefu ulioandikwa kwenye lebo usiunakili. Mara nyingi umekosewa.