SOMO: Boksi la TV halioni folda za kompyuta? Soma hii kabla hujazima fayawoli

Wakuu habari za muda huu. Kuna hili swali linajirudia sana, mtu ana muvi zake kwenye kompyuta, ana boksi la TV, anataka akae zake aangalie bila kubeba flashi kwenda na kurudi, folda kashea vizuri tu ila boksi linamwambia hakuna kitu. Basi anaanza kusoma huku na huku, anazima fayawoli (ule ulinzi unaozuia vifaa vingine kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao), anatoa paswedi, anawasha vitu hata asivyovijua, mwisho wa siku kompyuta iko wazi kwa kila mtu na muvi bado hazichezi.

Mi nakwambia hivi, kabla hujagusa setingi yoyote angalia kwanza boksi linagomaje. Kugoma kuko kwa namna nne na hazifanani. Kama linazunguka wee, linasubiri, halafu linasema limeshindwa kuunganisha, shida iko kwenye njia, yaani mtandao au fayawoli. Kama linajibu hapo hapo kwamba huna ruhusa au linakuomba paswedi kila ukiingiza, njia ni nzima, shida ni akaunti. Kama linaingia kabisa ila folda tupu, hapo ni ruhusa za mafaili au diski yenyewe. Na kama linacheza ila linakwamakwama, hiyo ni spidi, achana kabisa na mambo ya kushea. Mtu mwenye shida ya paswedi akizima fayawoli hajasogea hata hatua moja.

Natumia mfano wa Windows 10 na 11, na boksi la Android lenye Kodi au VLC, zile programu za kuchezea video. Mac na Linux nimezigusia kwenye maswali huko chini.

HATUA YA 1: wako mtandao mmoja kweli?
Fungua lile dirisha jeusi la komandi andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4, hiyo ndo IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao, mara nyingi itakuwa 192.168 kitu, iandike pembeni. Halafu nenda kwenye setingi za boksi angalia IP yake. Zikifanana namba tatu za mwanzo, mfano 192.168.1.20 na 192.168.1.35, kwa ruta nyingi za nyumbani hapo mko sawa. Ukiona inaanza na 169.254 ujue kifaa hicho hakijapewa IP na ruta, zima washa ruta kwanza usiendelee na chochote. Pia angalia boksi lisiwe kwenye ile waifai ya wageni, ruta nyingi zinawazuia wageni wasivione vifaa vingine hata kama intaneti wanapata fresh. Na kama una VPN upande wowote, izime wakati unajaribu.

HATUA YA 2: mtandao uwe praiveti
Hii ilinitesa jioni mbili nzima. Nilibadilisha ruta, kila kitu kikafa, nikalilaumu boksi, nikaliriseti, nikaingiza upya kila kitu, kumbe Windows ikiona ruta mpya inauhesabu kama mtandao mpya na ikauweka pabliki, na kwenye pabliki inajifungia milango. Nenda setingi za mtandao, bonyeza jina la waifai yako au waya unaotumia, chagua praiveti. Kisha kwenye setingi za adivansi za kushea washa kugunduliwa kwenye mtandao na kushea mafaili na printa, kwa upande wa praiveti tu. Ukifanya hivyo fayawoli ya Windows inajifungulia yenyewe mlango unaotakiwa, ambao ni TCP 445, huna haja ya kuizima. Ila kama una antivairasi yenye fayawoli yake nayo uiambie mtandao huu ni wa nyumbani, kwa sababu hiyo haisikilizi setingi za Windows.

HATUA YA 3: akaunti, hapa ndo wengi wanafia
Watu wengi siku hizi wanaingia kwenye kompyuta kwa PIN au kidole. Sasa ile PIN inafanya kazi kwenye kompyuta ile ile tu, ukiiandika kwenye boksi itakataliwa mpaka kesho. Na akaunti isiyo na paswedi nayo haisaidii, Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti yenye paswedi tupu kuingia kupitia mtandao, ndo maana mtu anakwambia nimetoa paswedi kabisa na bado inakataa.

Ushauri wangu usitumie akaunti yako kabisa, tengenezea boksi akaunti yake. Fungua dirisha la komandi kama administreta, andika:

net user pleya PaswediYako /add

Hapo "pleya" ndo jina la yuza, na paswedi weka yako. Faida yake ni kwamba boksi likiibiwa au programu yake ikiwa na uchafu, kilichomo ndani ni paswedi ya akaunti isiyo na kitu, sio ile ya barua pepe yako.

Wengine watakwambia zima ulinzi wa paswedi kwenye kushea, yaani kila mtu aingie kama gesti. Mi siipendi hiyo njia. Windows mpya zinazidi kuwabana magesti, leo itakubali, apdeti ijayo inagoma na unarudi kuuliza tena.

HATUA YA 4: shea folda
Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia propatisi, kichupo cha kushea. Utaona vitufe viwili, cha kawaida na cha adivansi. Tumia cha kawaida, mwongeze yule yuza "pleya", mpe kusoma tu. Kwa nini nasisitiza cha kawaida? Kwa sababu kwenye Windows kuna ruhusa za aina mbili, ya kushea na ya folda yenyewe kwenye diski, na inayofuatwa ni ile kali zaidi. Kitufe cha kawaida kinapanga zote mbili kwa pamoja. Cha adivansi kinagusa ya kushea peke yake, kwa hiyo unaweza kumruhusu dunia nzima pale halafu diski ikakataa, unabaki unashangaa. Jina la shea liwe fupi bila nafasi, "Filamu" inatosha.

HATUA YA 5: ongeza kwa IP, usitafute kwenye orodha
Kompyuta kutoonekana kwenye orodha ya boksi haimaanishi haifikiki. SMB ndo lugha ambayo Windows inashea nayo mafaili kwenye mtandao, na SMB1 ni toleo lake la zamani. Orodha ile zamani ilitegemea mfumo uliokwenda sambamba na SMB1, Windows ikahamia njia nyingine ya kujitangaza na mapleya mengi hayaielewi. Kwenye Kodi nenda kuongeza chanzo cha video, kisha kuongeza eneo la mtandao, chagua SMB, sehemu ya seva weka IP, folda weka Filamu, yuza pleya na paswedi yake. Ukimaliza inakuwa smb://192.168.1.20/Filamu na maisha yanaendelea.

Ikigoma usirudi kwenye kompyuta kubadilisha vitu ovyo. Chukua simu, weka programu yoyote ya kusimamia mafaili inayojua SMB, ingiza IP ile ile na yuza yule yule. Simu ikiingia, kompyuta haina kosa, deni liko kwa boksi. Simu ikigoma pia, rudi kwenye kompyuta yenyewe, andika \\localhost kwenye ile sehemu ya juu ya dirisha la mafaili, kama Filamu haipo hapo basi hujashea, unajidanganya. Na usiitegemee sana ping, ile komandi ya kupima kama kifaa kinajibu, fayawoli inaweza kuizuia wakati njia ya mafaili iko wazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu pleya yangu ni ya zamani, ilikuwa inafanya kazi miaka yote na Windows 10, nimeweka upya Windows imegoma moja kwa moja, simu inaingia.
Jibu: Hiyo itakuwa inajua SMB1 tu. Kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017, Windows 10 ukiiweka upya haiji na SMB1 upande wa seva, yaani wa kuvipa vifaa vingine mafaili. Unaweza kuirudisha kwenye vipengele vya Windows ila sikushauri, udhaifu wa SMB1 ndo WannaCry, ile vairasi ya kufunga mafaili na kudai pesa, ilipopitia Mei 2017, na kiraka chake kilikuwa kimeshatoka Machi, watu hawakukiweka tu. Kama pleya inakubali programu, weka Kodi, ina SMB yake mwenyewe inayojua toleo la 2 na 3, kwa hiyo haijali mfumo wa pleya umezeeka kiasi gani. Kama haikubali programu tumia DLNA, njia nyingine ya kurusha video kwenye mtandao wa nyumbani, Windows inayo ndani, inaitwa kutiririsha midia. Ubaya wake subtaito za faili la pembeni mara nyingi hazionekani, na faili ambalo pleya hailijui linaweza lisitokee kabisa.

Swali: Nimefanya yote, imekubali, wiki zimepita vizuri tu, leo inaniambia paswedi sio sahihi na sijabadilisha kitu. Ni kama mwezi na nusu hivi tangu nitengeneze ile akaunti.
Jibu: Aisee hili ni kosa langu, nilitakiwa niliseme pale juu. Akaunti iliyotengenezwa kwa net user paswedi yake inaisha muda, kwa kawaida siku 42. Fungua PowerShell kama administreta andika Set-LocalUser -Name pleya -PasswordNeverExpires $true. Kama bado inakataa mpe paswedi upya kwa net user pleya PaswediMpya, halafu ibadilishe na kwenye boksi.

Swali: Asante mkuu imerudi. Nyongeza tu, komandi ya kwanza haikutoa neno lolote nikadhani imegoma.
Jibu: PowerShell ikinyamaza ujue imefanya.

Swali: Mimi usiku inacheza, asubuhi haioni kompyuta. Nikiizima na kuiwasha wakati mwingine inakubali wakati mwingine hapana.
Jibu: Mambo mawili. Moja, kompyuta inalala, ondoa kulala ikiwa kwenye umeme, kioo kizime tu. Pili, IP inabadilika. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP, yaani ya kugawa IP, ifungie kompyuta IP yake moja. Ni bora kufanya hivyo kwenye ruta kuliko kuandika IP kwa mkono kwenye Windows, ukiandika kwa mkono ruta haina habari na inaweza kumpa mwingine namba hiyo hiyo.

Swali: Muvi ziko kwenye hadidiski ya nje, jana zilikuwepo leo jina la folda nimelikosa kabisa kwenye boksi, za kwenye kompyuta yenyewe naziona.
Jibu: Diski imebadilisha herufi, jana ilikuwa E leo F, na shea inakumbuka E. Fungua programu ya Windows ya kusimamia diski, irudishie herufi yake, au mpe kabisa ya mbali kama M ambayo flashi haziwezi kuiwahi. Kisha chomoa chomeka uone kama folda imerudi, kama haijarudi shea upya.

Swali: Samahani, mimi natumia Mac, hizi hatua zote hazinihusu?
Jibu: Ya 1 na ya 5 zinakuhusu, ila IP ya Mac itazame kwenye setingi zake za mtandao. Mac washa kushea mafaili, halafu ingia ndani kwenye machaguo yake uitiki akaunti yako pale penye kushea na Windows, watu wengi hawafiki hapo. Na wa Linux wanaotumia Samba, ile programu ya kushea mafaili kwa SMB, paswedi ya Samba ni tofauti na ya kuingilia kwenye kompyuta, iweke kwa sudo smbpasswd -a na jina la yuza.

Swali: Kwangu inaingia vizuri ila muvi za 4K zinakwama kila dakika, na nimetumia waya sio waifai, sasa waya nao mbovu?
Jibu: Waya sio lazima uwe mbovu, angalia tundu la boksi. Maboksi mengi yana tundu la Mbps 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde, hapo kwa vitendo unapata kama megabaiti (MB) 11 kwa sekunde. Muvi ya Blu-ray ya kawaida kilele chake ni Mbps 48, inapita bila shida. Ila ile ya 4K iliyotolewa nzima kwenye diski bila kupunguzwa, kuna vipande vinaweza kuvuka Mbps 100, na ndo hapo inapokwama, kwenye vurugu na milipuko, ikija sehemu ya watu kuongea inatulia. Jaribu waifai ya 5 GHz boksi likiwa karibu na ruta, inaweza kuushinda huo waya. Cheki pia kompyuta yenyewe, kama nayo iko kwa waifai ya 2.4 basi waya wa boksi ulikuwa wa urembo.

Swali: Kompyuta iko 2.4 kweli mkuu 😂 nimehamisha kwenye waya, bado inakwama lakini mara moja moja tu.
Jibu: Hizo mara moja moja ndo kile kilele cha Mbps 100 nilichokwambia. Hamishia boksi kwenye 5 GHz, kompyuta iache hapo hapo kwenye waya, ulete majibu.