Namna ya Kuiandaa Kwaya Iimbe kwa Ajili ya Ziwa

Makanisa mengi ya Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, huadhimisha Msimu wa Uumbaji kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na kwaya huimba nyimbo za kumsifu Mungu kwa maji, miti na samaki. Nyimbo hizo ni njema. Hata hivyo, nabii Amosi aliwaonya watu wake kwamba Mungu huchoshwa na nyimbo za wasiotenda haki, na kwamba anachotaka ni haki itiririke kama maji. Kwaya iliyo kando ya ziwa lenye maji machafu inapaswa kulichukua onyo hilo kwa uzito, na ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo sisi tumejifunza kwa miaka kadhaa ya kuimba, kusali na kubisha hodi ofisini.

Kabla ya kutunga chochote, ipelekeni kwaya nzima ufukweni Jumamosi moja asubuhi, iwe ni Dunga au mahali popote ambapo mfereji wa mtaa wenu unaingia ziwani. Nendeni bila sare na bila ngoma. Mmoja wenu aling'oe gugumaji moja kutoka majini, kila mtu aliangalie: vikonyo vya majani vimevimba kama kitunguu, na chini yake mizizi myeusi yenye nyuzi laini imenasa matope na konokono wadogo. Mmea huo hunenepeshwa na nitrojeni na fosforasi zinazotoka katika maji taka, mbolea za mashambani na udongo unaosombwa na mito, na mazingira yakiufaa huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Upepo ukiusukuma kuelekea nchi kavu, mitumbwi hushindwa kutoka, na mama anayengoja omena, dagaa wa ziwani, hurudi nyumbani na beseni tupu, ilhali si yeye aliyeyachafua maji. Hapo ndipo suala la mazingira linapokuwa suala la haki, na mwanakwaya aliyelishuhudia kwa macho yake hahitaji kuhubiriwa tena.

Waulizeni wavuvi na wachuuzi wamepoteza nini mwaka huu, kisha mnyamaze na kusikiliza. Someni Zaburi ya 24, mkae kimya kwa dakika kumi, kisha kila mtu aandike maneno matatu aliyoyasikia kwa wenyeji. Msiupuuze ukimya huo, kwa sababu wimbo unaotoka katika sala ya namna hiyo hauna haja ya kupiga kelele.

Sasa tungeni. Kanuni ninayoisisitiza ni kwamba wimbo mmoja utaje mahali pamoja na utake jambo moja. Katika mazoezi yetu tulikuwa na mstari uliosema "tuyatunze mazingira yetu", mpaka mama mmoja wa sauti ya pili, anayeuza samaki, akauliza, "Mwalimu, mazingira yapi?" Hatukuwa na jibu. Tuliufuta mstari huo, tukaweka "mfereji wa soko watapika ziwani", na kuanzia jioni hiyo wanakwaya waliimba kama watu wenye shauri la kupeleka mahali. Kiitikio kiwe kifupi, mizani yake ilingane, ili hata mpita njia akishike baada ya kukisikia mara mbili. Mfano ni huu:

Maji haya ni ya nani?
Ni ya Mola, tumepewa.
Nani ameyachafua?
Tumekuja kuuliza.

Mstari wa kwanza na wa tatu uanzishwe na kiongozi, na kwaya iitikie kwa sauti nne. Mnapoandika sol-fa, yaani noti za do, re, mi, hakikisheni kwamba noti yenye uzito inaangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa maana ndipo Kiswahili kinapowekea mkazo. Neno "ziwa" likiimbwa kwa kukazwa silabi ya mwisho, msikilizaji hulipoteza. Kwa beti za Kidholuo tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa kuwa lugha hiyo hutofautisha maana kwa toni, na sauti ikipanda mahali isipostahili neno laweza kugeuka. Mwombeni mzee anayeijua lugha barabara azisikilize beti hizo kabla hamjazizoea.

Ala za asili kama nyatiti yenye nyuzi nane, orutu na kayamba hubeba ujumbe huu vizuri kuliko kinanda cha umeme, ambacho kitawasumbua barabarani. Ikiwa mko upande wa Kakamega na mnataka ngoma ya isukuti, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, waalikeni wapigaji wenyewe wa Waisukha na Waidakho na muwalipe, badala ya kuiga midundo yao. Mkiwashirikisha Waislamu, kaeni nao mapema kuhusu ala: wengine huimba kaswida kwa dufu, wengine kwa sauti tupu. Qurani nayo inakataza uharibifu katika ardhi, kwa hiyo msingi wa kusimama pamoja upo.

Msimtaje mtu wala kiwanda kwa jina katika wimbo. Yale mliyoyaona, pamoja na tarehe na picha, yaandikeni katika barua, na barua hiyo ndiyo kiini cha kazi yote. Mwaka tulioandamana bila barua, afisa aliyetupokea alizisifu sauti zetu, akaomba wimbo wa pili, nasi tukaimba na kurudi nyumbani. Lile tulilolitaka halikuandikwa popote, na hadi leo linaniuma.

Barua itaje Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70, kinachomruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mkitaka Bunge la Kaunti lilijadili jambo lenu, liandikieni kama ombi rasmi chini ya Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Wakati nao una maana: serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge hilo kufikia tarehe 1 Septemba, siku ileile Msimu wa Uumbaji unapoanza, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mfereji usiokuwamo katika mpango huo ni vigumu kutengewa fedha, kwa hiyo anzeni mazoezi mwezi wa Juni, ombi lifike mapema.

Kuhusu maandamano, Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki ya kukusanyika na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha. Mpelekeeni mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla, mkieleza saa, njia na jina la mwandalizi. Hiyo ni taarifa tu, si ombi la ruhusa. Maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Vipaza sauti viulizieni katika ofisi ya kaunti, kwa sababu udhibiti wa kelele ni jukumu lake. Wazee na watoto watangulie ili mwendo uwe wao, sauti ya besi ikae nyuma kuushika mdundo, na maji ya kunywa yabebwe kwa madumu.

Fanyeni pia mazoezi ya kuketi chini na kuimba polepole, endapo mtazuiliwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walitimuliwa kwa nguvu katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, na humo waliendelea kusali, kuimba na kudai wana wao kwa takriban mwaka mmoja.

Mkifika ofisini, barua isomwe kwanza, wimbo ufuate. Pelekeni nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nayo ihifadhiwe katika faili la kwaya pamoja na sol-fa. Kila mwezi, kabla ya mazoezi, katibu aisome tarehe hiyo kwa sauti na kueleza kama jibu limekuja. Mfereji ukizibuliwa, ubeti wake ubadilishwe uwe wa shukrani, na kwaya irudi ufukweni kutafuta ubeti mwingine.