Kusafiri kwa meli katika fiodi za Svalbard: maelekezo ya mtu wa chumba cha gambuti

Kwa misimu minne kazi yangu ilikuwa katika chumba cha gambuti. Meli nyingi za safari za Aktiki zina chumba hicho, chini kabisa, karibu na usawa wa maji: gambuti zimepangwa kwa namba, jaketi okozi zimening'inizwa, kuna beseni la dawa ya kuoshea nyayo, na mlango wa ubavuni unaofunguka kwenye mashua za mpira. Kila mgeni alinipita mara nne kwa siku, mbili akitoka na mbili akirudi. Nahodha angekuandikia mengine, mpishi mengine. Mimi naandika niliyoyaona mlangoni.

Svalbard ni visiwa vya Norwei, kati ya nyuzi 74 na 81 kaskazini. Zaidi ya nusu ya nchi kavu imefunikwa na barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole sana kutoka milimani. Barafuto ndizo zilizochimba mabonde, bahari ikaingia, ndipo tukapata fiodi: hori refu, lenye kina kirefu, milima huku na huku, na mara nyingi ukuta wa barafu mwishoni.

Hesabu watu kabla ya kutazama kitanda

Wengi huchagua meli kwa picha ya chumba. Wewe uliza kwanza inabeba abiria wangapi. Kampuni za safari hizi zina umoja wao, AECO, ulioanzishwa 2003, na zimekubaliana zisishushe zaidi ya watu 100 mahali pamoja kwa wakati mmoja. Meli ya abiria 90 inawashusha wote. Meli ya abiria 180 inawagawa makundi mawili: hawa wanatembea, wale wanazungushwa kwa mashua au wamekaa ukumbini wanatazama saa. Na tangu 1 Januari 2025 sheria ya Norwei inazuia meli yenye abiria zaidi ya 200 kuingia maeneo ya hifadhi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya visiwa hivi. Ndani ya hifadhi hizo watu hushushwa katika sehemu 43 tu zilizotajwa kisheria. Kwa hiyo mtu anayelipia meli kubwa kwa sababu ya bwawa la kuogelea analipia kutazama Svalbard kwa mbali.

Kuhusu chumba, nina neno moja tu: cha katikati ya meli, sitaha ya chini, hakichezi sana. Vile vya juu vyenye roshani ni vizuri mpaka bahari ichafuke.

Soma ratiba kama unavyosoma dua. Safari fupi hufuata pwani ya magharibi na kaskazini. Ndefu zaidi, za siku tisa au kumi, huahidi kukizunguka kisiwa kikubwa cha Spitsbergen, na hapo lazima mlango-bahari wa Hinlopen uwe umefunguka. Mwaka mmoja, mapema Julai, tuliukuta umeshonwa na barafu kutoka ukingo hadi ukingo. Nahodha akageuza meli saa saba usiku, jua likiwaka. Asubuhi mgeni mmoja akaja mlangoni kwangu, mtu wa chumba cha gambuti, akitaka arudishiwe nusu ya nauli kwa sababu alilipia duara. Tulikaa siku mbili Liefdefjorden, mbele ya barafuto ya Monacobreen, maji yametulia kama mafuta. Hakushuka hata mara moja. Ukiona ratiba imetaja kila kituo kwa siku na saa, shuku. Inayosema "kaskazini-magharibi, kadiri barafu itakavyoruhusu" imeandikwa na mtu aliyewahi kufika.

Msimu wa meli ni Mei hadi Septemba. Mei na Juni theluji bado ni nyingi na barafu ya bahari iko karibu. Julai maua hutoka na ndege wamejaa majabalini. Kuzunguka kisiwa kunafaa zaidi kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Agosti. Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivi, jua halizami tangu karibu 20 Aprili hadi takriban 23 Agosti, basi beba kitambaa cha kufunika macho. Mwisho wa Agosti machweo yanarudi na milima inakuwa ya rangi ya shaba. Mimi ningechagua wakati huo, ingawa wapenda ndege watanizomea.

Karatasi, na siku moja ya ziada

Svalbard iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na karibu kila mtu hupitia Oslo au Tromsø. Ukiondoka Norwei bara umetoka Schengen, ukirudi unaingia tena. Kama pasipoti yako inahitaji viza, omba ya kuingia mara mbili au zaidi. Mwenzangu wa jikoni alikuja na ya mara moja, na wiki yake ya mwisho ilikwisha kwa simu na barua pepe badala ya usingizi.

Bima lazima igharimie kusafirishwa mgonjwa kwa ndege. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, na walio mahututi hupelekwa Tromsø.

Fika Longyearbyen siku moja kabla ya meli kuondoka. Begi likipotea njiani, meli haisubiri, na baada ya hapo hakuna duka. Nguo za ndani za sufu, suruali ya mvua, dawa na darubini viwe kwenye begi la mkononi. Mjini utaambiwa uvue viatu mlangoni hata hotelini. Ni desturi ya enzi za wachimba makaa, walipokuwa wakirudi na vumbi jeusi. Vaa soksi zisizo na tundu.

Suruali

Sasa nimefika kwangu. Kila mgeni hununua jaketi kubwa, na mara nyingi meli yenyewe inampa jingine. Suruali hakuna anayeifikiria. Lakini kwenye mashua ya mpira unakaa juu ya ukingo, mgongo nje, na maji yanayoruka yanatua mapajani. Julai hewa ni nyuzi joto 3 hadi 7 hivi. Si baridi ya kutisha kwa aliye mkavu. Aliyekuja na jinzi nilimjua kabla hajapanda ngazi kurudi, kwa namna alivyotembea miguu mbalimbali kama mtoto aliyejikojolea. Jinzi ni pamba, na pamba ikishika maji haiyaachi.

Kwa hiyo: sufu au kitambaa cha michezo mwilini, kitu cha kutunza joto juu yake, kisha suruali isiyopitisha maji kabisa, pana kiasi cha kupita juu ya gambuti. Iwe nje ya gambuti. Nimelirudia neno hili hadi nikaliota usiku. Ukiichomeka ndani, kila tone linalotiririka gotini linaishia kwenye soksi. Soksi nazo zisijazane; vidole visipoweza kucheza ndani ya gambuti, damu haifiki, na jozi tatu zitakugandisha kuliko moja. Glavu jozi mbili, nyembamba ndani ya nene, ili uweze kubonyeza kamera bila kuacha ngozi wazi. Miwani ya jua pia, kwa sababu mwanga wa barafu huchoma macho hata siku ya mawingu.

Kuna mpangilio wa kuvaa. Choo kwanza, kwa sababu ufukweni hakuna na hairuhusiwi. Kisha suruali, gambuti, jaketi, jaketi okozi. Kofia na glavu ni mlangoni kwangu, na zipu hufungwa hapo hapo. Anayejifunga kila kitu chumbani, akangoja kuitwa ndani ya joto la meli, anatoka ameloa jasho, na jasho hilo litamganda baharini. Siku ya kwanza pia tunasafisha nguo zenu: mifuko, mikunjo na vifungo vya kunata, tukitafuta mbegu za majani ya kigeni. Usione aibu. Nimetoa mbegu kwenye jaketi la profesa wa mimea.

Mashuani

Mashua hubeba abiria kumi hivi. Begi unalikabidhi kwanza, mikono ibaki mitupu. Usimpe dereva kiganja. Shikaneni mkono kwa mkono juu ya kifundo, kama mabaharia, maana kiganja chenye glavu iliyolowa huteleza. Kanyaga ukingo, kanyaga chini, kaa, jisogeze. Mtu mmoja tu asimame kwa wakati mmoja, tena baada ya kumuuliza dereva. Mkifika ufukweni jisogeze hadi omo, tupa miguu yote miwili nje kwa pamoja, ngoja wimbi lirudi, ndipo ushuke.

Mbele ya ukuta wa barafuto dereva atakaa mbali, mita mia kadhaa. Usimbembeleze asogee. Kipande kikianguka utakiona kikishuka kimya kabisa, mngurumo unafuata baadaye, kisha wimbi. Siwa barafu, yaani mlima wa barafu unaoelea, nalo lina sehemu ndogo tu juu ya maji, na linaweza kupinduka bila kuaga. Muombe kitu kimoja tu: azime injini. Vipande vidogo vinavyoelea vina mapovu ya hewa ya kale yaliyobanwa, na vinapoyeyuka hupasuka kwa mlio mdogo kama mafuta kwenye kikaango, fiodi nzima.

Alkefjellet, jabali la Hinlopen lenye makumi ya maelfu ya jozi za ndege wa baharini, vaa kofia ya jaketi. Ukitazama juu, funga mdomo.

Nchi kavu

Viongozi hushuka kwanza wakiwa na bunduki na bastola za fataki. Hukagua kila kilima kwa darubini, kisha huweka walinzi. Usipite walipo, hata kama ua zuri liko hatua tatu mbele. Dubu akionekana mnarudi mashuani mara moja, kwa kutembea, si kukimbia. Siku moja watu 86 walikuwa tayari wamevaa, wengine mguu mmoja mlangoni, kiongozi akaita kwa redio: dubu kalala nyuma ya kibanda. Nilivua jaketi okozi 86, nikazirudisha kwenye misumari.

Sheria inataka mita 300 kati yako na dubu, na 500 kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni. Kwa umbali huo simu itakupa nukta ya rangi ya siagi. Dubu si mweupe, theluji ndiyo nyeupe. Hapa darubini ina thamani kuliko kamera. Na kamera, weka betri za akiba mfuko wa ndani, zikae na joto la mwili. Ukirudi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaingia melini na uiache humo mpaka ipate joto. Ya kwangu ilijaa ukungu ndani ya lenzi nikiwa nimebeba picha mbili tu za walarasi, wale wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu.

Usiokote kitu. Kila kitu kilichoachwa na watu kabla ya 1946 kinalindwa, hata kipande cha ubao. Smeerenburg, walipokuwa Waholanzi wa karne ya 17 wakiyeyusha mafuta ya nyangumi, mgeni mmoja alitia msumari wa kutu mfukoni. Ulinidondokea miguuni alipokuwa akivua suruali. Kiongozi alimrudisha kwa mashua, peke yake, akauweke alipoutoa. Angalia pia unapokanyaga: mwerebi unaoota huko ni mti kamili, lakini hauzidi urefu wa kidole, na unatambaa ardhini. Begi usiweke chini wala usikae. Tangu mafua ya ndege yafike huko, beseni langu la dawa limekuwa na kazi zaidi.

Mkikaribia Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti, zima waifai na bluutuu kabla hujaambiwa mara ya pili. Kuna mitambo ya utafiti inayosikiliza mawimbi hafifu kutoka angani, na saa yako ya mkononi inaipigia kelele.

Kichefuchefu, fupi: fiodi ni shwari, taabu iko mnapotoka Isfjorden kwenda bahari wazi, usiku wa kwanza. Meza dawa kabla, si baada.

Kuruka majini

Karibu kila safari huja siku ya kuruka. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha asijaribu, na daktari wa meli ana haki ya kukukatalia. Utafungwa kamba kiunoni. Ruka kwa miguu, kamwe si kwa kichwa. Ukiibuka, kifua kitabana na utataka kuvuta pumzi kwa pupa. Toa pumzi kwanza, polepole, kisha ogelea kwenye ngazi. Taulo nitakuwa nalo mimi. Nenda na viatu vya kawaida, gambuti uziache kwenye namba yake: kuna aliyeruka nazo, na ilinichukua siku mbili kuzikausha.