Kijana anayesomea CPA: zingatieni Mei na Novemba

Wazazi wenzangu wa Moshi, kama mna kijana Dar anayefanya kazi mchana na kusomea CPA, yaani cheti cha uhasibu, usiku, kumbukeni mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, huwa Mei na Novemba. Miezi miwili kabla, mpumzisheni na michango ya harusi na kipaimara, hata vikao vya ukoo vya simu. Mkiweza, mlipieni ada ya mtihani; mshahara wa kuanzia huishia kwenye kodi ya chumba na nauli. Na Desemba akipanda Marangu kwa Krismasi, jamani, asiulizwe matokeo mezani mbele ya binamu zake. Inaumiza kuliko tunavyodhani. Amuulize mzazi mmoja tu, faraghani, na aanze na habari za afya yake.