Kuchora nembo ya 4-H kwenye ubao wa klabu, Moshi

Nembo ya 4-H, mtandao wa klabu za vijana, ni jani la klova (mmea mdogo wa malisho) lenye vipande vinne vya kijani, kila kimoja na H nyeupe, herufi ya kwanza ya maneno ya Kiingereza head, heart, hands na health: kichwa, moyo, mikono, afya. Afya iliongezwa mwaka 1911. Kijani ni uhai na ujana, nyeupe ni usafi. Kwa hiyo usibadilishe rangi eti dukani imebaki bluu tu.

Chukua plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60, piga msasa, paka praima (rangi ya msingi), acha ikauke hadi kesho. Chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Inapokatana ndipo katikati. Kunja karatasi, kata umbo la moyo lenye urefu wa sentimita 25. Moyo huohuo uhamishe mara nne, ncha ikigusa katikati, sehemu mbili za juu za mviringo zikielekea pembe ya ubao. Ukichora kila jani kwa jicho, moja litanenepa tu. Kikonyo kishuke kati ya majani mawili ya chini, kipinde kulia kwako unapoutazama ubao. Wengi hukipindisha kushoto.

Paka kijani mara mbili. Penye kazi hasa ni H. Kata tundu lake kwenye kadibodi, gonga rangi nyeupe kwa sponji iliyokaribia kukauka. Brashi iliyolowa hupenyeza rangi chini ya kadibodi. Kijani kikiwa kibichi, H inageuka rangi ya parachichi. Masika subiri siku mbili, na usikaushe nje kando ya barabara ya vumbi.