Jinsi ya kufuata msimu mzima wa timu ya basketi kwa daftari moja na kalamu mbili

Watu wengi hapa Kampala wanasema wanafuata basketi, lakini ukimuuliza mtu timu yake ilipotezaje gemu ya juzi anakutajia skoa tu, sabini na nne kwa sitini na nane, basi imeisha hapo. Mimi nimekulia kambi ya polisi Naguru, kutoka kwetu hadi uwanja wa Lugogo ni kuteremka tu kwa mguu, na nimeangalia gemu za ligi yetu miaka mingi kabla sijauelewa msimu hata mmoja. Nilianza kuelewa niliponunua daftari la kurasa 96. Sasa wadogo zangu pale kambini wananiuliza nafanyaje, kwa hiyo naandika hapa yote mara moja.

Kwanza chagua timu moja. Moja tu. Usiseme unafuata ligi nzima, utachoka wiki ya tatu. Wengi wanakimbilia City Oilers kwa sababu ndio wamezoea kubeba kombe, walichukua ligi 2013 na hawakuiachia tena hadi 2019, miaka saba mfululizo, na sio vibaya kuwachagua, lakini kama ndio unaanza mi nakushauri uchukue timu ambayo inashinda na kupoteza, kwa sababu timu ikishinda kila siku huoni wapi panauma. Angalia pia timu ambayo unaweza kuifikia kwa miguu au kwa boda ya bei ndogo. Gemu kubwa ziko Lugogo pale uwanja wa ndani, mwanafunzi wa Mukono ana chuo kikuu cha UCU pale pale kwake, Canons wa wanaume na Lady Canons wa wanawake. Na gemu za wanawake usizipite. Zinafundisha sana mambo ya pasi na kujipanga, mtu anayefika saa ya gemu ya wanaume tu anakosa nusu ya shule.

Alafu daftari. Hapa ndio pa kukaa kidogo.

Ukisogea karibu na meza ya maofisa pale uwanjani utaona wana karatasi kubwa ya FIBA, shirikisho la basketi la dunia, upande mmoja majina ya wachezaji 12 na faulo zao, upande mwingine namba zimeshuka kutoka 1 kwenda chini kwa kila timu. Ile karatasi ina lugha yake na ukiijua hutaisahau. Mchezaji akifunga goli la kawaida, wanaandika namba yake ya jezi na kukata mstari wa mshazari kwenye pointi timu ilipofika. Akifunga mtupo huru, ule wa kupewa baada ya faulo, wanaweka doa jeusi lililojaa. Akifunga tatu kutoka mbali, namba yake ya jezi inazungushiwa duara. Faulo ya kawaida ni P, ya utovu wa nidhamu ni T, ile isiyo ya kimichezo ni U, ya kufukuzwa ni D, na pembeni wanaweka kinamba cha mitupo iliyotolewa, kwa hiyo ukiona P2 ujue faulo hiyo ilizaa mitupo miwili.

Mimi siandiki yote hayo, mkono hautoshi. Nafungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto nachora mistari, jezi za timu yangu peke yake, na mbele ya kila jezi naweka vitu vitatu: faulo, mitupo huru, na mipira aliyopoteza mwenyewe. Mtupo ukiingia naweka doa, ukikosa naweka duara tupu. Kulia naandika maneno, dakika na kilichotokea, kwa kifupi kabisa, mfano "kwota 3, dk 6, senta katoka faulo ya 4, wakaingia zoni" (senta ni yule mrefu wa chini ya ringi, zoni ni kukaba eneo badala ya mtu). Magoli ya kawaida siandiki kwa sababu hayo utayapata tu kesho yake, kila mtu anayatangaza. Mitupo iliyokosa hakuna anayekutangazia, na nakwambia ukimaliza gemu tano na zile duara tupu zako utajua nani asipewe mpira dakika ya mwisho, utajua kabla hata kochi hajamtoa.

Ili uandike vizuri lazima namba chache ziwe kichwani. Gemu yetu ni kwota nne za dakika 10, wale NBA wana dakika 12 ndio maana ukilinganisha skoa zetu na zao unajidanganya. Mchezaji akifika faulo 5 anatoka, NBA ni 6. Timu ikishafanya faulo 4 kwenye kwota moja, ya tano inampa mpinzani mitupo miwili hata kama alikuwa anadribo tu katikati ya uwanja. Shambulizi ni sekunde 24, lakini ukikosa mpira ukagonga ringi na wewe mwenyewe ukachukua ribaundi, yaani mpira uliorudi, unapewa 14 tu. Taimauti ni 2 nusu ya kwanza na 3 nusu ya pili. Hizo zinatosha kuanzia.

Kati ya hizo inayobeba gemu nyingi ni ile ya faulo 4 za timu. Weka vijiti pembeni ya ukurasa, kila kwota upya. Kama wapinzani wamefika 4 na bado kuna dakika sita kwenye kwota, inua macho uangalie pointi gadi wako, yule anayeleta mpira na kupanga shambulizi, anafanya nini. Akiwa na akili anaacha kurusha kutoka mbali, anaingia ndani kila mara kwa sababu kila mguso ni mitupo miwili. Akiendelea kurusha tatu kama hakuna kilichotokea, andika. Hiyo ndio aina ya kitu ambacho skoa haitakwambia.

Sasa msimamo wa ligi. Hapa niliumbuka vibaya na sitaki wewe uumbuke. Kuna mzee jirani yetu pale kambini, polisi mstaafu, sisi wote tunamwita Afande, alicheza basketi enzi zake na goti lake ndio linamkumbusha. Mwaka fulani nikamwendea na simu nimefurahi, timu yangu iko juu. Afande akachukua simu, akaisogeza mbali na macho, akauliza, "Hawa wamecheza ngapi?" Nikasema kumi na mbili. "Na hawa wa chini yao?" Kumi. Akanirudishia simu. "Basi wewe uko chini, kijana. Chukua kalamu upige hesabu."

Nikapiga. Kwenye basketi ukishinda unapata pointi 2, ukipoteza unapata 1, hupati sifuri mpaka usitokee uwanjani kabisa. Timu yangu ilikuwa imeshinda 7 na kupoteza 5, hiyo ni 14 na 5, jumla 19. Wale wengine walishinda 8 wakapoteza 2, 16 na 2, jumla 18. Mi naona 19 iko juu ya 18 nafurahi, kumbe wale wana gemu mbili mkononi na hata wakizipoteza zote mbili wanafika 20! Kwa hiyo sheria yangu tangu siku ile, msimamo unasomwa kwa safu ya kupoteza. Funika pointi kwa kidole, hesabu nani amepoteza mara chache, hapo ndio utaona ukweli. Na kwenye ligi yetu gemu zinaahirishwa, kwa hiyo timu kuachana kwa idadi ya gemu ni kitu cha kawaida kabisa.

Jambo la pili ambalo linapita watu wengi, na mi nalipenda kuliko yote, ni tofauti ya magoli kati ya timu mbili zinazolingana pointi kwenye msimamo. Ligi ikichezwa raundi mbili, timu mbili zikamaliza sawa na kila mmoja kamfunga mwenzake mara moja, haziangaliwi gemu za wengine kwanza, inaangaliwa hizo mbili zenyewe, nani alishinda kwa kubwa. Kwa hiyo ukipoteza raundi ya kwanza kwa 9, andika hiyo 9 kwenye jalada la ndani, kubwa, uizungushie. Raundi ya pili hutaki kushinda tu, unataka kushinda kwa 10.

Niliona hivyo kwa macho yangu jioni moja. Timu inaongoza kwa 7, sekunde kama thelathini zimebaki, wapinzani wameshakata tamaa, wengine wanavuta jezi kuzitoa kwenye kaptula. Watu jukwaani wameanza kushuka ngazi kutafuta roleksi, ile chapati ya mayai. Na kochi wa hawa wanaoongoza kasimama, anaonyesha vidole vitatu, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imetoka. Kaka mmoja nyuma yangu akasema huu ni udhalilishaji, si washashinda jamani, kwa nini hawaachi saa iishe. Wakampa mpira kijana wa pembeni akarusha tatu, ikazunguka kwenye ringi, ikatulia, ikaingia. Kumi. Benchi lote likaruka. Yule kaka hakuelewa na mi nilimwonyesha jalada la daftari langu, palikuwa na 9 ndani ya duara. Akakaa chini tena.

Katikati ya msimu daftari linataka kukuchosha, gemu ni nyingi na mvua inanyesha, hapo andika kidogo lakini usiache kitu kimoja: nani hayupo. Kila gemu juu ya ukurasa weka jezi ambazo hazikuvaa. Timu za vyuo zina wanafunzi, wiki za mitihani utaona benchi fupi. Timu ya taifa Silverbacks ikiita watu wanarudi na uchovu au na kifundo cha mguu kimevimba, na hao hao ndio wanabeba klabu zao. Nakumbuka mwaka 2021 pale Kigali Uganda ilipofika robo fainali ya AfroBasket, mashindano ya timu za taifa za Afrika, kila mtu alikuwa analisema jina la Ishmail Wainright, na haki yake, muda mfupi baadaye akaenda Phoenix Suns ya NBA, lakini wale vijana wa ligi ya hapa nyumbani waliokaa naye kambini walirudi wachezaji tofauti. Hayo yanaonekana kwenye kurasa ukizipanga pamoja, ya kabla na ya baada.

Mapumziko ya kabla ya pleyofu, yaani gemu za mtoano za kutafuta bingwa, yakifika, kaa chini usome daftari lote kuanzia mwanzo. Tenga saa moja. Toa majibu matatu tu uyaandike ukurasa mpya: nani anakosa mitupo, kwota ipi tunaanguka, na nani tukimkosa tunapotea. Kwa timu yangu msimu mmoja jibu la pili lilikuwa kwota ya tatu, gemu tisa tumeanguka kwota ya tatu, na sikuwa nimeona mpaka niliposoma yote pamoja.

Pleyofu yenyewe ni mchezo mwingine kabisa. Unakutana na timu ile ile tena na tena, fainali ni mpaka mtu afikishe ushindi mara nne kati ya gemu saba, kwa hiyo usifungue ukurasa mpya kila gemu kama kawaida, gawa ukurasa mmoja safu saba na uweke jambo moja tu kila safu: kochi alibadilisha nini kutoka juzi. Gemu ya kwanza walikaba mtu kwa mtu, ya pili wakaja na zoni, ya tatu senta hakuanza. Ukipoteza ya kwanza usilie. Ukipoteza ya pili kwa njia ile ile uliyopoteza ya kwanza, hapo ndio ulie.

Na bingwa akipatikana msimu haujaisha, hili wengi hawalijui. Bingwa wa nchi anaenda kwenye mchujo wa BAL, ligi ya Afrika iliyoanza 2021 Kigali. City Oilers ndio walikuwa wa kwanza kutoka Uganda kuingia, 2023, wakacheza Cairo kwenye kundi la Nile na Al Ahly wakiwa pale pale kwao, na 2024 wakarudi tena. Ukifuata hapo shika jambo hili, timu inaruhusiwa kuongeza wachezaji kutoka nje, kwa hiyo jezi uliyoizoea kwa dakika 30 unaweza kuiona benchi. Anza ukurasa mpya, andika wapya peke yao na wa zamani peke yao, uone pointi gadi wa nyumbani anaishi vipi na mtu mpya aliyefika wiki mbili zilizopita.

Vitu vidogo vya mwisho. Kalamu beba mbili, ya bluu ya timu yako na nyekundu ya mpinzani, na ikitokea umeazima mtu hakikisha imerudi kabla ya kwota ya nne. Kaa upande wa benchi la timu yako, safu ya tatu au ya nne, unasikia kochi anasema nini kwenye taimauti. Usiandike mpira ukiwa unachezwa, subiri filimbi. Na ukirudi nyumbani usilale kabla hujamsomea mtu ukurasa wa kulia kwa sauti, mi namsomea Afande, macho yake sasa hayafiki hadi Lugogo, anakaa kwenye kiti chake mlangoni na goti lake kalinyoosha, na nikifika kwenye faulo ya nne ya timu ananisimamisha anauliza, "Zilikuwa zimebaki dakika ngapi?"