Umehamia shamba kutoka mjini? Anza hivi

Kama umeishi Dar miaka kibao na sasa umejenga shamba huku Unguja, Tunguu au Bungi, kabla hujashusha hata makochi nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako, ujitambulishe, maana kila karatasi utakayotaka baadae itaanzia kwake.

Halafu salamu. Huku hupiti barazani kimya kimya na simu sikioni, unasimama, wazee unawapa shikamoo, unaulizwa habari za nyumbani na wewe unauliza, hata kama daladala linakuita. Na ukisikia kuna msiba nenda, hata kama humjui marehemu, kaa mkekani na wenzio, wanaume mfuate hadi maziko, kinamama saidieni jikoni. Kwa kweli mimi naona hapa ndo watu wanakujua, harusi unaweza kukosa ukasamehewa ila maziko hapana.

Maji weka simtangi mapema. Umeme nunua mchana, usisubiri usiku.

Masika, Machi hadi Mei, njia za ndani zinakua tope tupu so tafuta buti na chandarua. Samaki muulize jirani anaponunua, sio lazima ufike soko la Darajani mjini.